Usukani Uliobatizwa

Doña Escolástica mpendwa, wewe unayetuamshia redioni, nisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nimelibeba tangu Kanivali na sina pa kulitua, mama yangu ameshafariki na dada zangu siri haikai tumboni mwao hata kwa nusu saa.

Mume wangu Fermín alipoachishwa kazi mgodini tulikubaliana tusimpe mtu kiinua mgongo chake atutafutie gari, tukaliagize wenyewe, kwa majina yetu, asije mtu akatucheka kwamba tumeuziwa gari la magendo kama walivyouziwa majirani zetu, basi tukapanda basi tukavuka milima na mpaka hadi bandari ya Iquique, tukazunguka juani kwenye yadi za magari ya Kijapani mpaka midomo ikatupasuka, tukachagua basi dogo la kijani, tukalifuatilia forodhani kule na huku, kila muhuri ukigongwa mimi nimesimama pale pale na kofia yangu kichwani, na mpaka leo hakuna askari wa kutusumbua barabarani. Kwa karatasi tuko safi, Doña.

Ubaya uko kwenye usukani. Unajua mwenyewe magari yale hushuka melini na usukani kulia, na huku kwetu hupati namba mpaka uhamishiwe kushoto, na kazi hiyo tulimpa Don Gumercindo mwenye karakana, kwa sababu ndiye aliyehamisha usukani wa karibu magari yote ya chama chetu cha njia ya Oruro na Huanuni. Fermín akapata wazo, nami nikaliona la busara kabisa, kwamba tumwombe Gumercindo na mkewe Basilia wawe wasimamizi wa gari siku ya kulibariki, kama mtoto anavyosimamiwa kwenye ubatizo, maana fundi akishakuwa kompadre wako, ndugu yako wa ubatizo, ataona haya kukulipulia kazi. Tukamwomba kabla hajashika hata spana. Siku ya baraka padre akalinyunyizia maji, Gumercindo akafungua bia akayamwagia matairi yote, Basilia akalivisha mashada ya maua na karatasi za rangi mpaka kioo hakionekani, halafu kompadre akanikumbatia akasema, "Komadre, kuanzia leo gari hili ni mwanangu." Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Haikupita muda, kwenye kona za kuingia Huanuni, usukani ukazunguka mikononi mwa Fermín na magurudumu yasigeuke, kisha ukashika tena, abiria wakadhani amekwepa mbwa. Alirudi nyumbani hana rangi usoni. Aliingia chini ya gari, akaniita nami niingie nione, na niliona kwa macho yangu: kile chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda chini, kinachotakiwa kuwa kizima, kimeungwa katikati kwa kipande cha nondo. Nondo ya kujengea nyumba, Doña! Na pale kilipochomelewa pameachia.

Fermín akaenda kwa kompadre. Gumercindo hata hakuinama kutazama. Akamwambia, "Kompadre, gari limeshabarikiwa, leo unataka nilipasue tumbo? Nimesimama mbele ya Bikira kwa ajili yako, halafu unanifanya tapeli?" Akamchomelea kidogo juu juu, akampiga bega, akampa bia. Kesho yake sokoni, ninakokunywa api, uji wangu wa mahindi wa asubuhi, Basilia akapaza sauti wanawake wote wasikie, "Jamani, kuna watu ukiwapa gari wanaogopa usukani! Warudishiwe lama wao wa kubebea mizigo!" Walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje.

Nimemwambia Fermín tulipeleke kwa fundi mwingine. Amekataa katakata, anasema gari likifunguliwa kwingine mji mzima utajua, magari ya wenzetu nayo yatatiliwa shaka, chama kitatufukuza njiani, na Basilia ndiye msimamizi wa kipaimara cha binti yetu Marisabel mwezi ujao, atajitoa na kutuaibisha kanisani. Anasema, "Nikienda polepole kwenye kona hakuna neno, Satu. Kwani limeshaanguka?" Kila asubuhi anapiga ishara ya msalaba, anaita abiria, anaondoka, na mimi nashinda sili, redio nimeiweka sikioni nikisubiri habari mbaya. Marisabel tumemwambia kwamba gari letu linamtia kichefuchefu, kwa hiyo huenda shuleni kwa miguu.

Naomba unifundishe maneno, Doña. Nimwambieje kompadre akubali kubadilisha chuma kile bila kuona amevunjiwa heshima, na ukompadre wetu ubaki? Niwapikie? Nimtume padre?

Ni mimi, Saturnina, wa Oruro.

*

Saturnina, pole. Nakupa pole mara moja tu, ishike vizuri, maana baada ya hapa sina nyingine.

Nimeisoma barua yako nikitafuta unaniuliza nini. Unaniuliza jinsi ya kumtunza Gumercindo. Umehangaika juu ya heshima ya Gumercindo, mdomo wa Basilia, chama, kipaimara, kanisa. Abiria umewataja mara ngapi? Uliwataja walipodhani mume wako amekwepa mbwa, na ukawataja tena wakiitwa wapande. Basi. Hawana majina kwako, hawana mama.

Halafu unaniletea habari ya kichefuchefu. Ebo! Mwanamke wewe, binti yako umemshusha kwenye gari lile. Umemtungia na ugonjwa ili asiulize. Kwa hiyo unajua. Usiniambie una wasiwasi, usiniambie labda, wewe unajua kabisa gari lile litafanya nini siku moja, ndiyo maana wa kwako anatembea. Wa wenzako mnawafungia mlango na kuwaambia wajibane, kuna mmoja bado hajakaa. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikatoka nje kupunga hewa, na nimesoma barua nyingi kwenye kiti hiki.

Kuhusu kompadre wako. Mlimpa heshima kabla hajafanya kazi, mkidhani aibu itamsimamia mikono. Alichoelewa yeye ni kwamba hakuna atakayethubutu kumkagua. Na kweli amepata watu wa namna hiyo. Bikira hakuchomelea nondo ile, Saturnina, alichomelea Gumercindo, na maji ya padre hayakazi chuma. Mtu anayekuambia ukitazama kazi yake unamtukana Mungu, huyo hata mkimpikia mwezi mzima atakula, atashiba, atapangusa mdomo na kuwaambia vile vile.

Hakuna maneno ya kukufundisha. Sikia cha kufanya. Gari lisitembee tena, hata kwenda sokoni. Livutwe mpaka kwa fundi ambaye hamjawahi kunywa naye bia, atoe chuma kile chote aweke kizima, nawe usimame pale pale na kofia yako kichwani kama ulivyosimama forodhani, maana kusimama unakujua. Kipande cha nondo usikitupe. Kipeleke kwenye mkutano wa chama, kiweke mezani, waambie madereva wote waliopita kwa Gumercindo waingie chini ya magari yao wakatazame. Watakutukana. Wengine watakutema mate. Basilia atajitoa kwenye kipaimara, mwache ajitoe, mtafutie mtoto msimamizi mwingine, hata shangazi mzee asiyesikia vizuri. Na ukompadre wenu umekwisha, ulie uumalize. Marisabel naye mwambie ukweli, kabla hajaambiwa na watoto wenzake.

Ulidhani nitakujibu Jumapili, siku yangu ya kujibu barua, upate siku za kufikiri. Sikuona za kukupa, nakujibu sasa hivi hapa redioni. Barua yako niliisoma hewani leo alfajiri, kituo cha magari ya kwenda Huanuni hapo mjini kwenu kikiwa kimejaa watu, na hukuniomba popote nifiche majina, nadhani unajua kwa nini. Nilitaja gari, rangi yake, na dereva. Kabla taarifa ya habari haijaisha walikuwa wameshanipigia simu kutoka pale kituoni: abiria wameshuka wote, na Fermín naye wamemshusha, funguo wamempa katibu wa chama. Wanasema yuko njiani anarudi nyumbani kwa miguu.

Mfungulie mlango. Usimwache adhani ni dada zako waliotoa siri. Mwambie ni wewe uliyeandika.