Simu Nilizopiga Siku za Bamvua

Alhamisi, mwezi ishirini Mfungo Tano. Kismayu.

Jua limewaka tangu asubuhi na upepo hakuna, hata wa kutikisa pazia. Nimerudi kutoka kazini saa saba, nikavua buibui, nikakaa sakafuni maana ndiko kuna ubaridi kidogo. Chakula kipo kwenye sufuria, sijakigusa. Nina aibu. Nasema mapema nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Mimi ni karani katika ofisi ya chama kimoja cha siasa, sitaji jina. Uchaguzi wa baraza la wilaya unakaribia, na leo kamati ilikaa kuamua ni wagombea gani wapewe pesa za kampeni na ni gani waachwe wahangaike wenyewe.

Mtu wa nje hudhani pesa humfuata mgombea bora. Thubutu! Mwenyekiti wetu huvigawa viti mafungu matatu: kiti kizima, kiti mgonjwa na kiti maiti. Kizima hakipewi dawa, tutakipata hata tukilala. Maiti hapewi dawa, haitamfaa kitu. Dawa ni ya mgonjwa. Sikatai, ni busara, kwa sababu pesa zenyewe ni za kuokoteza.

Na anayepima kama mgonjwa anapumua ni mimi. Nina orodha ya watu kumi wa kila eneo. Nawapigia, nawauliza kama wanamjua mgombea wetu, kama watatoka kupiga kura. Wakijibu wengi, kiti kina uhai. Simu zikilia bila kushikwa, naandika "hawapatikani", na kamati hulisoma neno hilo kama cheti cha kifo.

Watu wa visiwani niliwapigia Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Mwezi kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Saa tatu asubuhi hadi saa sita.

Bamvua, jamani!

Mtoto mdogo wa kisiwa cha Ngumi au cha Kudhaa angenicheka. Siku hizo asubuhi maji hupwa mpaka mwamba wote ukabaki nje, na nyumbani habaki mtu ila mgonjwa na aliyejifungua juzi. Wanawake wako mwambani na vijiti vyao wanachokoa pweza, wanaume wanavua kamba. Simu huachwa majumbani, maji ya chumvi yameshaua nyingi. Ukipiga alasiri watashika wote, tena watakuuliza hali ya kila mtu mpaka salio likuishie.

Kosa kama hilo angelifanya mgeni, naye angesamehewa. Mimi nimezaliwa Ngumi.

Ofisini hawajui. Nikiulizwa kabila nataja la marehemu mume wangu, na Kisomali changu hakina doa. Ilianza kwa kujihami, niliporudi kutoka ukimbizini na vita havijaisha, wakati ambapo mtu wa visiwani akipigwa au akinyang'anywa chake mjini hapa hakuwa na wa kumlilia. Hofu yenyewe imepungua siku nyingi. Uongo nimeendelea nao kwa sababu nimeuzoea, na kwa sababu watu huniamkia kwa heshima.

Jumamosi nilisahau kweli, wallahi. Maisha ya mjini yamenitoa bamvua kichwani. Lakini Jumapili, bajaji ilipopita sokoni nikaona pweza wamerundikwa mezani, nikakumbuka. Nikafika ofisini nikapiga saa tatu vilevile. Simu ni ya ofisi, na ofisi hufungwa saa saba. Kubaki alasiri ni lazima uombe ruhusa na useme sababu. Ningeulizwa: wewe umeyajuaje hayo?

Nikaona bora kiti kife.

Na sijamaliza. Mgombea wa kiti hicho ni Bi Zamu, mdogo wake marehemu mama yangu. Anagombea kwa jambo moja tu: Ngumi haina mkunga aliyesomea, na wanawake wawili wamefia ndani ya boti wakikimbizwa huku Kismayu kujifungua. Alichoomba kwa chama ni mafuta ya boti, azunguke visiwa vyote watu wamsikie. Hajawahi kukanyaga ofisini kwetu, fomu zake zililetwa na nahodha. Hajui kwamba huku nimejigeuza mtu mwingine.

Leo mkutanoni nikasoma, "Visiwani, hawapatikani." Mjumbe mmoja akasema, "Hao hata simu hawajui kushika. Waacheni na samaki wao." Kamati ikacheka.

Na mimi nikacheka.

Mwenyekiti akapiga mstari, tukaendelea na kiti kingine.

Baada ya adhuhuri Bi Zamu akanipigia. "Mwanangu, wamesemaje?" Nikamwambia visiwa vimeachwa. Akauliza, "Na wewe ulitusemea?"

Nikajibu, "Nilisema, mama. Hawakunisikia."

"Basi Mungu akulipe. Angalau palikuwa na mchu wa kwechu mle ndani."

Mtu wa kwetu, kwa lugha yetu ya visiwani. Heri angenitukana. Mwaka tuliokimbia vita, mwenye bunduki alisimama pwani akasema boti imejaa, watakaopanda ni wazazi na watoto wao tu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mama ameshakufa. Bi Zamu alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, hata kuolewa bado. Alinishika mkono akamwambia yule mtu usoni, "Huyu nimemzaa mimi." Kipofu angeona kuwa ni uongo. Alirudia mara ya pili, kwa ukali zaidi, mpaka tukapanda. Ukimbizini Mombasa nimekua nikiitwa mwanawe, na sijapata kumsikia akinisimanga.

Mimi leo sikutishwa na bunduki. Nilitishwa na watu saba wanaokunywa chai.

Alasiri nikashindwa kukaa. Nikampigia mwenyekiti, nikamwambia simu za visiwani hazifai kuhesabiwa, zilipigwa siku za bamvua watu wako mwambani, zirudiwe. Nilidhani atafoka. Si mtu mbaya yule. Akasema, "Basi kiti tukirudishe kwa wagonjwa. Kesho kutwa upige tena, alasiri. Na mwambie huyo mgombea aje siku hiyo achukue mafuta mwenyewe, tumwone."

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Halafu akauliza, kwa wema tu, "Lakini haya ya bamvua umeyajulia wapi?"

Swali jepesi. Jibu ni neno moja, Ngumi, hata pumzi halimalizi.

Nikamwambia, "Nimeambiwa na mama mmoja wa visiwani."

Mama mmoja. Nimemwita mama mmoja.

Nimempigia Bi Zamu kumpa habari. Amepiga kigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Ameniombea dua kwa jina langu na jina la mama yangu, nami naitikia amina huku nataka ardhi inimeze. Jumamosi ataingia ofisini kwetu kwa mara ya kwanza. Hajui kusema polepole, wanawake wa mwambani wamezoea kuitana kwa mbali. Atanitafuta kwa macho, na akiniona atapaza sauti "Mwanangu!" mbele ya mwenyekiti na kamati nzima.

Nitaitika?