Swichi Chini ya Selotepu Nyeusi

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Daftari langu, pokea salamu za heshima na taadhima. Niwie radhi kwa kimya cha majuma matatu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na neno la kuandika nikaliogopa.

Neno lenyewe ni hili: mnara wa simu ninaoutunza unahamia kwenye umeme wa jua. Paneli za sola zimeshushwa, arobaini na nane, zimepangwa mchangani mbele ya chumba changu kama madawati siku ya mtihani. Dizeli halas, imekwisha. Mtunza jenereta, yaani mimi, halas vilevile. Kafili, mdhamini wangu wa kazi, ameniandikia kwa simu kwamba ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, haitaongezwa na ndege ni Alhamisi ya tarehe 16. Nilimshukuru, nikamwomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu gani? Sijui. Ndivyo nilivyofundishwa na wamisheni.

Miaka kumi na miwili nimekaa hapa, kaskazini ya mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, pale majumba yanapokoma na mchanga unapoanza. Kila baada ya saa sita nazima jenereta la kwanza na kuwasha la pili. Kwa mkono wangu. Sijawahi kuchelewa.

Jumanne, 7 Oktoba

Fundi wa sola amefika. Hillary, kijana wa Kitale, mwenye watoto wawili na maneno mengi.

"Mzee Naftali, shikamoo! Hii sola haikohoi, haitapiki moshi, hainywi chai. Utazoea."

Nilimwambia sitapata muda wa kuzoea. Akaacha kucheka. Akaomba msamaha, nami nikamwomba yeye msamaha kwa kumharibia mzaha. Tukasimama pale, kila mmoja na samahani yake.

Neno la kukohoa limenichoma. Marehemu mke wangu Selipher alilisikia jenereta kupitia simu kila jioni. Alilijulia hali kabla yangu: "Mke mwenzangu ameshindaje? Mbona leo ana kifua?" Na kweli, nikienda kutazama, chujio la hewa limejaa vumbi! Mwanamke yuko shambani Kimilili, anatambua ugonjwa wa mashine ya Riyadh.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamewasha sola saa nne asubuhi. Wakazima majenereta yote mawili.

Kimya.

Nilitazama simu yangu. Netiweki imejaa. Hapakuwa na mtu aliyegusa kitu, na vibarua wa kule barabarani walikuwa wakiongea na watu wao kama kawaida. Nikaketi juu ya ndoo.

Kama paneli hizi zingekuja mapema, ningemzika mke wangu.

Nimeliandika. Sasa niliandike lote. Selipher alifariki tarehe 14 Machi 2022. Metrine, binti yetu, mfanyakazi wa nyumbani kule Jeddah, alimpigia madam wake magoti akapewa siku kumi. Mimi niliandika barua ya kuomba ruhusa, kurasa mbili, kwa adabu zote. Sikuituma. Nani angeshika zamu yangu? Mnara ungezimika, watu wangekosa kusikia watu wao. Kwa nini nimsumbue bosi kwa jambo ambalo jibu lake ninalijua?

Metrine alinipigia akiwa kiwanja cha ndege. "Baba, hiyo mashine haiwezi kujiwasha yenyewe, siku tano tu?"

Nikasema, "Haiwezi, mwanangu."

Kiti changu kilikaa kitupu kando ya kaburi. Siku ya tatu, wafiwa walipokuwa wakinyolewa nyumbani kwa mila yetu ya msiba, nilijinyoa peke yangu hapa, nikitazama kioo cha mita ya saa. Tangu hapo Metrine hapokei simu yangu. Mnara mzima ninaushikilia kwa ajili ya wageni, na mtoto wangu hapatikani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikwenda soko la Batha, mjini, kununua sanduku. Nikakutana na Priscah, ambaye alifanya kazi na Metrine Jeddah kabla ya kuhamia huku. Alinishika mikono yote miwili.

"Mzee, mbona umekonda hivi? Sikiza. Metrine ameanza kulegea. Juzi aliniambia, pengine baba kweli hangeweza. Pengine ile mashine ingezima akiiacha. Alikuwa analia akisema hivyo. Mwandikie barua. Simu hatapokea, lakini barua atasoma. Ameniapia."

Nilirudi nimebeba sanduku jipya kichwani kama mwanafunzi wa bweni. Moyo mwepesi! Binti yangu atanisamehe. Nikiwa na bahati, Alhamisi atakuwa ananiita Baba tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Majenereta yameuzwa Jeddah. Mnunuzi anataka yajaribiwe kabla ya kupakiwa. Hillary alifungua kijisanduku cha swichi na kukuta ile selotepu nyeusi, imekauka, imeshikana na chuma.

"Mzee, hii ni ya nini?"

Nikamweleza. Mpakistani aliyenitangulia, siku aliponikabidhi funguo, aliionyesha kwa kidole akasema, "Mafi! Mafi!" Yaani hakuna, hakuna; nikaelewa ni marufuku. Ninaifuta vumbi kila Ijumaa. Sijawahi kuibandua, wala kumuuliza mtu. Si vyema kuuliza ulichokwisha kukatazwa.

Hillary aliibandua kwa kucha. Chini yake, swichi ndogo yenye alama mbili, mkono na otomatiki. Akaisukuma. Akakata umeme wa betri. Tukangoja. Nilihesabu hadi tisa.

Likawaka.

Lenyewe. Likakohoa kama linavyokohoa, likatulia, likafanya kazi.

"Wueh! Kwani umekuwa ukiwasha na mkono miaka yote hii? Mzee, hizi mbili zinapokezana zenyewe. Tangi likijaa ni siku tisa bila mtu!"

Siku tisa.

Nilihitaji tano.

Hillary aliendelea kucheka kidogo, kisha akanitazama. Akaniletea maji. Nikamwambia, samahani, naomba ulizime.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeandika barua mara tatu. Ya kwanza ni salamu na habari za safari. Nzuri, ina heshima. Ndani yake nasema sola imekuja na kazi imekwisha, wala sisemi uongo mahali popote. Metrine akiisoma atalia na kunisamehe.

Atakuwa amemsamehe baba ambaye hakuweza.

Ya pili nimejaribu kumlaumu Mpakistani. Nikaichana. Yule bwana huenda aliona swichi imelegea, akaogopa mtu asiiguse kwa bahati mbaya. Hakunizuia kuuliza. Hakuna aliyenizuia. Mwanangu ndiye aliyeuliza, kwa maneno yaleyale niliyopaswa kuyauliza mimi, na nilimjibu bila kunyanyuka kwenye ndoo. Hatua kumi hadi kwenye kijisanduku. Sikwenda.

Selipher, niwie radhi. Mke mwenzako angeweza kubaki peke yake.

Ya tatu iko mezani. Ina nafasi katikati, mistari minne, mitupu.

Jumanne, 14 Oktoba

Lori limefika alfajiri. Majenereta yamefungwa kwa minyororo na kufunikwa turubai. Dereva ni Justus, mtu wa Webuye, mzito wa mwili na mwepesi wa salamu. Anaifahamu mitaa ya Jeddah, na ameahidi kuipeleka barua mkononi, mlangoni, si kwa mlinzi wala kwa madam.

Hillary amenishauri, kwa upole, nisiandike lile. "Mzee, itakusaidia nini akijua? Mwache apumzike na wewe upumzike." Huenda ana haki. Ana watoto wadogo.

Nimechukua kalamu. Mstari wa kwanza nimeujaza: Mwanangu Metrine, uliniuliza kiwanja cha ndege kama mashine inaweza kujiwasha.

Justus anapiga honi. "Mzee, yalla! Jua linapanda, na Jeddah si hapa!" Nimemwomba radhi. Nimemwomba dakika moja. Amezima injini, ameshuka, amechuchumaa kwenye kivuli cha paneli, ananisubiri.

Mistari mitatu imebaki. Barua hii itachukuliwa na Justus, juu ya lori lenye mashine ileile. Naandika mstari wa pili: Inaweza, mwanangu, nami sikunyanyuka kwenda kuitazama.