Je, Bunduki ya Babu Bado ni Nzima?

2 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na wewe unaendelea kuwasumbua majirani kwa hadithi zako. Sisi wazima, isipokuwa mume wangu, ambaye ni mzima kasoro vidole vinne.

Pale kwenye kiwanda cha mbao waliondoa kinga ya msumeno ili kazi iende haraka. Mume wangu akauliza. Msimamizi, yule tunayemwita Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni, akamjibu, "Ni salama. Wewe kata tu." Sasa ameandika kwamba mume wangu alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi hainywi bila kusali!

Kuna jingine. Nguruwe pori anamaliza mahindi yangu. Nimeshusha bunduki ya babu, ile ya mitutu miwili uliyoniachia, nikafanya ulivyonifundisha karakanani kwako. Haina risasi. Nimechungulia mitutu kuelekea dirishani: ni safi, haina mashimo ya kutu. Nimeining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa mpini wa kijiko: inalia kama kengele. Bawaba haichezi. Ila kwa nje ina mistari ya mawimbi kama ubao. Nikiipiga, ni salama? Nijibu upesi, maana nguruwe mwenyewe hutoka saa kumi na moja kamili jioni, kila siku isipokuwa Jumapili.

Mpwa wako

9 Februari

Mpwa wangu Kichwa Ngumu,

Marahaba, mara saba. Mgongo upo, unakusalimu. Mpe pole mkwe wangu, na umwambie vidole vyake sita vina heshima kuliko kumi vya Filimbi.

Umemuuliza mtu sahihi. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipoishiwa, lakini bunduki nimezitengeneza katika bandari tisa. Jenerali mmoja nilimtoa bastola iliyokwama ndani ya suruali yake, na mpaka leo ananitumia kadi. Basi nisikilize: hiyo mistari ndiyo ugonjwa wenyewe. Mitutu hiyo ni mikanda ya chuma iliyosokotwa pamoja. Inalia kengele, inang'aa, kumbe ndani imeoza. Ukitia risasi ya siku hizi itafumuka mkononi kama ndizi inayomenywa, na huo uso mzuri uliourithi kwangu utabaki ukutani. Usiipige. Asiipige mtu yeyote! Huyo Filimbi niachie mimi nimwombee upele mahali mkono usipofika.

Mjomba wako

16 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Hatujambo, na mimi ndiye sijambo kuliko wote. Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nikacheka.

Nimekipaka kitako cha bunduki mafuta mpaka kinang'aa, nikampelekea Filimbi ofisini, zawadi. Anapenda vitu vya kale, ukuta wake umejaa pembe na saa mbovu. Aliipakata kama mtoto mchanga. Kisha akauliza, "Hii bado inapiga? Ni salama?"

Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Ni salama. Wewe piga tu."

Ataijaribu Jumapili saa nne, uwanjani pale kiwandani, mbele ya wafanyakazi wote. Gauni nimeshalipiga pasi. Nitasimama mstari wa mbele nione anabaki na vidole vingapi, na wakiniuliza nitasema alikuwa amelewa.

Mpwa wako

20 Februari, kwa mkono wa dereva wa basi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Nilikudanganya! Bunduki ni nzima. Mistari ile iko kwenye mitutu mingi ya zamani, mingine mibovu, hiyo si mibovu. Niliijaribu mwenyewe nimeifunga kwenye gurudumu la lori, nikavuta kamba nikiwa nyuma ya ukuta, halafu nikawinda nayo miaka kumi na miwili kwa risasi nyepesi.

Nguruwe gani anapumzika Jumapili? Nilijua unamtaka nani. Na mimi namtaka, usidhani sina damu. Ila mpwa ninaye mmoja, sitaki nimtembelee gerezani. Nikaona uongo mmoja zaidi, kwa mtu mwenye akiba kama yangu, hauna neno. Sikujua utanizidi ujanja, kwa sababu haijawahi kutokea.

Sasa umempa adui silaha nzima. Kaa mbali naye.

Mjomba wako

24 Februari

Mjomba mwongo,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumatatu. Basi lilikatika ekseli.

Jumapili Filimbi aliiinua bunduki, akaigeuza, akaitazama. Kisha akatafuta kwa macho kati ya watu, akamwita mume wangu. "Njoo uanze wewe. Vilivyobaki vinatosha kuvuta." Watu wakacheka kwa woga. Mume wangu akaipokea kwa mkono wake mzima, akaiweka begani.

Nilipiga kelele, sijui kwa mdomo wa nani: "Itupe! Itapasuka!"

Akaitupa. Hakumtazama Filimbi, alinitazama mimi. "Ulijua?" Mpaka leo sijamjibu.

Polisi walinichukua. Fundi wao akaipiga mara mbili, ikapiga vizuri. Mkubwa wao akamwambia Filimbi, "Mama huyu amekupa bunduki nzima. Kosa liko wapi?" Nikaachiwa. Filimbi hataki hata kuiona. Kibali kina jina lako, basi iko pale kaunta ya polisi, wanasema ichukuliwe na wewe au na mimi.

Mjomba, yule mkubwa wa polisi aliposema ni nzima, nilipaswa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu. Nilimshukuru kwa jambo jingine.

Panda basi leo. Fika pale kaunta kabla yangu.

Mpwa wako