Picha Niliyoikata Kwenye Ubao wa Maono

Mpendwa Da Akorfa,

Naomba msaada wako, na ukiona barua ni ndefu ujue mwandishi ni mtu anayeshinda amekaa, hana haraka ya kwenda popote. Mimi ni fundi wa kupaua, au nilikuwa, hapa mjini Ho, na mwaka juzi mvua ilipokatika nilipanda juu ya paa la shule moja kumalizia kenchi, mbao zikiwa bado na maji, nikateleza nikaangukia mgongo, na tangu siku hiyo kutoka kiunoni kushuka chini sina habari na mwili wangu. Madaktari walisema waziwazi kwamba sitatembea, wakanifundisha kukaa, kujigeuza na kutumia mpira wa mkojo, na siku ya kutoka wauguzi wakanipa kiti cha magurudumu, kizuri, chenye mto wake. Sikulia sana. Nilijiambia mikono ipo, macho yapo, randa naijua.

Mke wangu Akpene ni mtu wa sala tangu nimjue, nami pia nimebatizwa na si mtu wa kudhihaki, kwa hiyo Januari hii akina mama wa kanisa letu walipokuja sebuleni kwetu kutengeneza mbao za maono nilifurahi, maana nyumba ilikuwa imepoa muda mrefu. Walileta magazeti ya zamani, mikasi na gundi, mke wa mchungaji, Mama Wolali, akawasomea lile neno la nabii Habakuki kuhusu kuandika njozi kwenye vibao, wakaomba, kisha kila mmoja akaanza kukata picha ya jambo analomwamini Mungu kwalo, huyu duka, huyu mtoto, huyu kisima. Akpene akabandika nyumba yenye baraza, joho la kuhitimu kwa ajili ya binti yetu Sitsofe aliyeko chuoni, na gari jeupe. Mwenzake mmoja akamtania, "Mama Sitsofe, gari lako mbona halina dereva?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Dereva si huyo kochini, anapumzika." Tukacheka wote, mimi nikawazidi.

Halafu akaingia chumbani, akarudi na picha yetu tuliyopigwa kwenye harusi ya kaka yake kule Kpando, sisi wawili tunacheza ngoma ya borborbor, leso juu, mimi nimeinua goti kama kijana, akaibandika katikati ya ubao na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: ATASIMAMA.

Kuanzia hapo kiti cha magurudumu kikahamia stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, na nilipouliza akasema, "Kile kiti kinahubiri, Baba Sitsofe, na kinahubiri kinyume na ubao." Nikawa mtu wa kochi. Rafiki yangu Dodzi, tuliyepaua naye miaka mingi, akaja kuniambia kwamba angeweza kunitengenezea meza ya kazi iliyo fupi, nikae nitengeneze vigoda na makabati madogo, na mimi moyo ukaruka, lakini Akpene alisikia akiwa jikoni anasonga akple, akatoka na mwiko mkononi, akamwambia, "Dodzi, ukimtengenezea meza fupi umemfupisha mume wangu." Dodzi akaomba ruhusa, akaenda zake. Ngazi za mlangoni nilitaka ziwekewe zege la mteremko, nazo zikakataliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Sikubishana. Nilijua anaamini, na mimi si daktari wa Mungu. Lakini Jumapili ya akina mama mbao zote zilipelekwa mbele ya kanisa, nikabebwa na mimi, nikawekwa kwenye kiti cha mbele, na Mama Wolali aliposhika ubao wetu alinigeukia akasema kwenye kipaza sauti, "Baba Sitsofe, inuka uingie kwenye picha yako!" Wazee wawili wakanishika kwapani wakaninyanyua. Ngoma zikalia. Miguu yangu ilining'inia kama suruali kwenye kamba, watu wakapiga makofi, nadhani kutoka nyuma ilionekana nimesimama, kisha mtu akapaza sauti, "Mwachieni!" nao wakaniachia. Nikaangukia ubavu. Mfuko wa ule mpira wa mkojo ukapasuka, maji yakatambaa kwenye vigae hadi kwenye viatu vya wanakwaya. Akpene alifungua kitambaa chake cha mabegani akanifunika, na mtu mmoja, sikumtambua, alileta fagio na ndoo akasafisha kimya kimya, huyo namwombea hadi leo.

Nyumbani Akpene akaniambia, "Ulitazama chini. Petro naye alitazama maji." Nikamwambia Petro alikuwa na miguu.

Basi siku ya soko alipotoka nilishuka kochini, nikajikokota kwa viwiko hadi kabatini ulipoegemezwa ule ubao, nikachukua wembe nikaikata picha yangu, taratibu, kwa kufuata mstari, kama ninavyokata mbao. Yeye nilimwacha mahali pake, sina ugomvi na picha yake. Kipande changu nikakitia mfukoni mwa shati. Akpene alirudi na beseni la nyanya kichwani, akautazama ubao, akalitua beseni, akasema neno moja tu, "Umejitoa." Tangu siku hiyo haongei nami. Ananiogesha, ananigeuza, ananilisha, yote kimya, kama mtu anayekunja nguo za dukani kwa watu. Kwenye nyonga nina kidonda kidogo nilichokigundua kwa kioo baada ya kuanguka, nakifunika mwenyewe, sikutaka kuongeza neno juu ya maneno. Wazee wa kanisa wanasema nimeukata uponyaji wangu kwa mkono wangu, nitubu. Dodzi anasema nimefanya vizuri. Je, niirudishe picha ili nyumba iwe na amani, au nishikilie nilipo?

Ni mimi, Fundi wa Mapaa, Ho.

*

Ndugu Fundi,

Pole kwa mgongo, na pole zaidi kwa Jumapili ile. Sasa nikugombeze.

Umeniandikia mengi juu ya picha, na kidonda ukakichomeka mwishoni kama salamu za jirani. Kidonda kwenye nyonga ya mtu asiyehisi maumivu hakifichwi. Kinakula nyama hadi mfupani huku mwenyewe anasoma gazeti. Kabla hujamaliza kusoma haya mwite Akpene umwonyeshe, na asubuhi mwende kliniki. Kochi ndilo linalokukwangua, fundi. Wauguzi hawakukupa kile kiti chenye mto ili kipambe stoo.

Nije kwenye wembe. Unaniambia kwa fahari kwamba ulifuata mstari na mkeo ukamwacha mahali pake. Mafundi nyie! Hebu jivike macho ya mwanamke anayerudi sokoni. Anajikuta yuko Kpando anacheza peke yake, leso juu, na palipokuwa na mume pana tundu. Wewe uliona unaondoa miguu ya uongo, yeye akaona mume kaondoka. "Umejitoa" si neno la mtu aliyekasirika kwa ajili ya imani. Ni neno la mtu aliyeachwa. Naye bado anakuogesha na kukugeuza, kazi inayovunja kiuno, na wewe katika barua nzima kazi hiyo umeipa sentensi moja na ukamfananisha na mwuza nguo.

Hata hivyo walichokufanyia kanisani kilikuwa kibaya, nami sitakifunika kwa kitambaa. Mefiboshethi alikuwa kilema wa miguu yote miwili, na mfalme Daudi alimpa nafasi mezani pake ale naye siku zote. Hatusomi kwamba alimnyanyua kwapani wageni wamwone. Naamini Yesu anaponya. Lakini hata yeye, kipofu alipomlilia njiani, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Mama Wolali hakukuuliza. Akpene hakukuuliza. Na wewe, uniwie radhi, ulikaa kimya hadi kimya chako kikashika wembe.

Ubao wenyewe sina ugomvi nao. Mkristo kuweka mbele ya macho yake anachomwomba Mungu si dhambi, ni kama kufunga fundo kwenye leso usisahau. Tatizo huanza fundo linapoabudiwa. Habakuki aliambiwa aandike alichoonyeshwa, hakuambiwa akate anachokitamani. Na wengi wanaompenda nabii huyu huishia sura ya pili. Mfunulie mkeo sura ya tatu, pale anaposema hata mtini usipochanua na zizi likibaki bila ng'ombe, yeye bado atamfurahia Bwana. Hayo nayo ni maono, ila hakuna gazeti lenye picha yake.

Umeuliza urudishe picha au ushikilie. Hapana kwa yote mawili. Kipande kitoe mfukoni, mpe mkononi mwake, umwambie, "Mimi nipo, sijaenda kokote." Usiongeze hotuba. Kisha mwulize anaogopa nini, maana mwanamke hakifichi kiti nyuma ya magunia kwa sababu ya imani peke yake. Akianza kusema, usimkate, umeshakata vya kutosha. Akimaliza, omba kiti kitoke stoo, na mwite Dodzi aje na mbao zake. Mkitaka kuombea miguu, ombeeni kila asubuhi, nani atawazuia? Mtu huombea mvua huku anachota maji kisimani. Na mwaka huu mwulizeni Mungu, ninyi wawili mkiwa mmekaa, anataka mfanye nini kwa mikono minne mliyonayo. Jibu likija, libandikeni hilo.

Mama Wolali mwendee wewe mwenyewe, kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa, umwambie hutanyanyuliwa tena bila kuulizwa. Usimtume mkeo akusemee. Miguu ndiyo iliyokufa, ulimi unao.

Da Akorfa.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimpelekea fundi kwa simu, kwa kuwa kidonda hakingoji gazeti. Mahindi mapya yalipoanza kuuzwa barabarani nikapigiwa na namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu eti nimebaki nacheza peke yangu?" sauti ya mwanamke ikauliza, bila salamu.

"Ndiye," nikasema.

"Basi ni kweli."

Akpene akanisimulia. Mumewe alimwonyesha kidonda siku ile ile. Alilia, akamtukana, akatafuta gari, wakaenda kliniki, na muuguzi akawaambia wangekawia kidogo ingekuwa habari nyingine. Sasa kinafungwa dawa kila siku, kinapona polepole. Kuhusu kiti, alikuwa na mjomba wake, Agbeko, aliyepata ajali akapewa kiti kama hicho msimu wa viazi vikuu, na msimu uliofuata walimzika.

"Nilikuwa nakiona kile kiti naliona jeneza, Da. Ningemwambiaje mtu mwenyewe yuko ndani ya kiti?"

"Na mjomba alikufa kwa nini?"

"Vidonda," akasema. "Muuguzi alipokitazama cha Baba Sitsofe ndipo nikaelewa. Sisi tulidhani ni kiti."

Nikamwuliza habari za ubao. Alisema bado upo, picha ya Kpando ameiondoa yote, vipande viwili ameviweka kwenye albamu, na katikati pako wazi. Mumewe alitaka kupaziba haraka haraka na picha ya kabati. Akamwambia paachwe kwanza, wangojee.

"Na kanisani?"

"Mume wangu alikwenda kuzungumza na Mama Wolali, mlango umefungwa kama ulivyosema. Sijui waliongea nini, hawaniambii. Jumapili iliyofuata mimi ndiye niliyemsukuma. Mama Wolali alikuwa mlangoni anapokea watu. Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Nikamwambia, 'Mama, leo amekuja kuabudu, hakuja kuonyeshwa.'"

"Akajibu nini?"

"Aliingia akatusogezea benchi, tupate njia."