Sekunde Mbili za Godlisten

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Faraja kanyonya alfajiri, kaning'ata. Jino la tatu. Nimemwacha mgongoni kwa mama mkwe, nikapanda hadi kituo cha afya.

Kazi ileile. Nafungua kompyuta, natoa orodha ya watoto njiti wanaotakiwa kupimwa uzito wiki hii, nawapigia mama zao. Zamani orodha ilichelewa mpaka chai inapoa. Sasa nabonyeza tu, imetoka. Kazi ya Godlisten hiyo. Ni mtafiti wa chuo, anafundisha akili mnemba kutafuta majina haraka kwenye ghala letu la kumbukumbu. Yeye anasema kanzidata. Sista Ndeshi, mkuu wetu wa kituo, hamwachi kwa utani: "Daktari, njoo basi upime presha, foleni ndefu." Kijana wa watu anacheka tu.

Orodha ya leo fupi. Saa saba nimemaliza. Nimewahi nyumbani kunyonyesha. Raha.

Jumatano, 11 Juni

Tena fupi. Watoto tisa. Mwezi wa nne nilikuwa napiga simu mpaka sikio linawaka moto.

Nilijiuliza kidogo, nikaacha. Nimechoka. Baba Faraja yuko porini na watalii, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Orodha fupi ilinifaa. Ndiyo kweli yenyewe, niiandike.

Jumatatu wanakuja wakubwa wa Godlisten kuangalia. Wakiridhika, vituo vyote vya huku mlimani vitatumia mtambo wake. Leo kaja na shati la jana.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikuwa naanika nepi. Nikamkumbuka Nashipai.

Binti wa Oldonyo Sambu. Alijifungua mwezi wa tano, siku ya mvua. Mtoto wa kilo moja na nusu, anaenea viganja vyangu viwili. Mimi ndiye niliyemfundisha kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Nikamwambia: kila Jumanne uje, usipokuja nitakupigia.

Alikuja mara moja. Sijampigia. Hakuwa kwenye orodha. Wiki tatu.

Kesho nitawahi kituoni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefika kabla ya mlinzi kufungua. Nimeandika Nashipai kwenye kompyuta. Hakuna. Tena. Hakuna.

Kaunta buku la zamani, kile kitabu cha majina, nimelikuta stoo chini ya maboksi ya sabuni. Yupo. Mwandiko wangu: Mtoto wa Nashipai. Waarusha hawakimbilii kumpa mtoto jina, na akiwa njiti ndiyo kabisa, wanangoja. Kwa hiyo tunawaandika hivyo, kwa jina la mama. Kwenye kompyuta pia nilimwingiza, nakumbuka. Nikaangalia orodha ya wiki hii. Tisa wote wana majina yao. Hakuna hata Mtoto wa fulani mmoja.

Simu ya Nashipai haipatikani.

Sista Ndeshi kasema labda kahamia kliniki nyingine, Jumatatu wageni wakishaondoka tutaangalia, tusimwaibishe kijana. Nilimwitikia. Nikatoka nje. Nikarudi nikamwambia Godlisten. Mimi wa kidato cha nne namwambia msomi mtambo wake umekosea.

Hakubisha. Aliuliza tu: "Mama Faraja, hawa wasio na jina ulikuwa unawatafutaje?"

Kwenye kaunta buku. Sijawahi kuwatafuta kwenye kompyuta hata siku moja. Kitabu kilikuwa mezani, ya nini?

Alikaa chini. Kanieleza taratibu. Mtambo ulijifunza kwa kuniangalia mimi, miezi mitatu. Ninapotafuta sana ndipo unapoanzia. Rafu ya wasio na jina, mle kwenye kompyuta, sikuigusa, ukaiweka mwisho kabisa. Na yeye aliuwekea kikomo, usitafute zaidi ya sekunde mbili. Muda unakwisha kabla haujafika huko. Unatoa ulichopata, na hausemi kwamba haujamaliza. Halafu kitabu tukakipeleka stoo.

Kasema kosa ni lake. Ni langu pia. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

Akaondoa kikomo. Ukachukua sekunde arobaini. Wakatokea wengine kumi na mmoja. Kumi nimewapata kwa simu, wazima, wanakuja. Ya Nashipai bado haipatikani.

Sista Ndeshi kaiangalia ile orodha ndefu, kavua miwani. Kasema kesho niende mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe kanuna, Jumamosi ni siku ya kahawa shambani. Nikamwambia kwa heshima, lakini nitakwenda. Godlisten nikamwambia na wewe twende. Bodaboda mbili. Vumbi na upepo, midomo imepasuka.

Tumemkuta Nashipai bomani kwa mama mkwe wake. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Mtoto yuko kifuani, kama nilivyofundisha. Lakini hanyonyi. Ngozi imelegea kama ya mzee. Analia bila sauti.

Nashipai hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Dada, si ulisema nisipokuja mtanitafuta? Sikuona mtu. Nikajua mtoto amepona."

Godlisten aligeukia ukuta.

Tumeshuka na pikapu ya viazi. Wamelazwa hospitalini, mama na mtoto.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nilikwenda wodini. Mtoto anapumua. Wanamnywesha kwa mrija.

Naogopa kuandika zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Wageni walikuja, watatu, suti. Nilidhani Godlisten ataficha. Aliwaonyesha sekunde mbili, wakatikisa vichwa kwa furaha. Akawaonyesha sekunde arobaini. Akawaambia yote, na mtoto yuko wodi gani. Jasho linamtoka kwenye baridi hii.

Mmoja akasema lakini arobaini ni nyingi mno. Sista Ndeshi akadakia: "Baba, tumboni ulikaa miezi tisa. Sekunde arobaini zinakushinda?"

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mimi. Nikatoka nje nikalia.

Mtambo haujapita. Wamemwambia aurudie. Vituo vingine vingoje.

Alhamisi, 19 Juni

Mtoto wa Nashipai kavuta maziwa mwenyewe. Kidogo. Nimemsimulia Faraja kama vile anaelewa. Nimemnyonyesha muda mrefu, mpaka kasinzia na ziwa mdomoni.

Jumanne, 1 Julai

Ukungu. Mlima Meru hauonekani.

Kaunta buku liko mezani, pembeni ya kompyuta. Godlisten kaweka kiti karibu yangu. Kila ninapolifungua ananiuliza natafuta nini na kwa nini, anaandika. Maswali mengi kama mtoto. Nimemwambia akija kesho aje na chai yake.

Nimebonyeza orodha. Duara linazunguka. Nimekunywa chai, ingali ya moto. Majina yakaanza kushuka. Mwisho kabisa, chini: Mtoto wa Nashipai.

Sikupiga simu. Alikuwa ameshafika, amekaa benchi la mbele, anakung'uta umande kwenye shuka. Kilo mbili na kidogo. Nimemwuliza jina. Bado, kasema, bibi yake anangoja.

Nikaandika uzito. Kwenye kitabu, halafu kwenye kompyuta.