Mabenchi ya Jumapili

Ndugu yangu Mwinjilisti Yoeli,

Kila barua niliyoandika maishani nimeianza kwa kuulizia hali. Leo kalamu imesimama hapo hapo, kwa kuwa hali uliyo nayo sasa haijui ila Mola.

Nakuandikia kutoka chumba chetu cha ibada cha pamoja hapa chuoni. Tangu tulipokuzika kwenu Lushoto, wanafunzi wako wamepata mwinjilisti mwingine, kijana mpole. Msalaba wenu bado hukaa kabatini mpaka Jumapili, na mikeka yetu hukunjwa Ijumaa baada ya sala. Ila hakuna aikunjaye kama wewe, uliyekuwa ukiikung'uta uani huku ukinitania: "Shehe, nyinyi watu wa pwani mnasujudu na mchanga wa ufuko mzima wa Moa." Nami Jumamosi, nikiwapangia mabenchi, nilikujibu kuwa ni mazito kama dhambi za Washambaa. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Wakumbuka nilipolazwa kwa maradhi ya kifua? Ulileta uji, ukaniuliza kwa adabu: "Ustadhi, utaniruhusu nikuombee kwa namna yetu?" Nikaridhia. Ukalitaja jina langu taratibu, na la mama yangu. Nikaitikia amina kimoyomoyo.

Sasa zamu ni yangu, nami nimeshindwa. Kaburini niliinua mikono kwa mazoea, kisha nikaishusha. Mkeo aliniona. Mwezi uliopita akanipigia simu: "Shehe, mwenzako unamwombea?"

Yoeli, nimesoma tangu utotoni, na nimewafundisha wengine, kwamba maghufira, msamaha wa Mola, huombewa tu aliyekufa katika dini yetu. Sikuweza kumdanganya mjane, wala sikuwa na moyo wa kumsomesha sheria za fikihi. Nikasema, "Namkumbuka kila siku, mama." Akasema, "Ahsante, shehe," kwa sauti ya mtu aliyepewa pungufu ya alichoomba.

Nimerudi vitabuni. Nimefungua kurasa nilizozihifadhi kwa moyo, nikitumai kuna mstari niliouruka. Haupo. Elimu niliyoitafuta umri wote imenifikisha mlangoni pako, ikanisimamisha nje. Wala sithubutu kujitungia dini kwa sababu ya huzuni. Wewe mwenyewe usingeniheshimu.

Jana alasiri nilikuja kupanga mabenchi. Mwanafunzi wako mmoja akanikimbilia: "Shikamoo babu. Acha, tutapanga wenyewe." Nikamwomba aniachie lile la mbele. Nililiburuta peke yangu, likakwama kwenye kile kigae kilichovunjika, pale ambapo ulizoea kuja ukisema umekuja kunikagua tu, ukaishia kushika upande wa pili. Nikasimama. Nilikuwa nakungoja, ndugu yangu. Mzee mzima, nakungoja.

Maadamu miguu inanichukua, mabenchi ya watu wako nitayapanga mimi kila Jumamosi. Hiyo si dua, na sitaiita dua. Nimeahidi pia kwenda Lushoto kumtazama mkeo, nimweleze ana kwa ana yale niliyoshindwa kuyasema kwenye simu. Sijui nitaanzia wapi. Huenda nikaketi tu, kama ulivyoketi kitandani pangu.

Yule tuliyekuwa tukimwelekea humu, kila mmoja kwa siku yake, anakijua kilicho moyoni mwangu nisichoruhusiwa kukitamka. Kwaheri, Yoeli. Mimi nimeshika upande wangu.

Nduguyo,
Ustadhi Bakari
Nguvumali, Tanga