Mfarishi wa Zuhura na Kikoi cha Baba Yake

Jumatatu, 3 Juni
Mingoyo nzima hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi. Nimekaa tu. Napikiwa, nafuliwa, natekewa maji. Mwanangu wa pekee, Zuhura, anamfuata mumewe Muscat, atakaa ghorofani. Wenzangu wanachomwa na jua, mimi niko kivulini na nguo nyeupe kama bibi harusi. Kumbe eda raha. Marehemu mume wangu angesikia hivi angecheka mpaka akohoe.

Zuhura anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, basi la asubuhi la Dar, halafu ndege. Mimi mwenye eda sivuki kizingiti. Basi nitampa nchi ajifunike. Leo nimeanza mfarishi wa viraka, Tanzania nzima kwa vitambaa. Ramani naijua kwa kichwa. Shule niliachia darasa la tano, lakini nimeuza mitumba Mbeya, Kigoma, Arusha, mpaka Pemba ya Msumbiji. Mwalimu gani wa hapa kafika huko?

Jumatano, 5 Juni
Ziwa Victoria: sketi ya shule ya Zuhura. Kilimanjaro: foronya. Serengeti: kitenge cha madoa ya chui. Dodoma nimeipa kifungo cha koti, inatosha. Katikati nimelaza blanketi kuukuu, juu vipande, chini bitana. Shoga yangu Somoe ananiokotea mabaki ya kanga kwa fundi cherehani wa njia panda.

Wifi Hadija hapendi. Dada wa marehemu huyu, amehamia hapa kunichunga mpaka eda iishe. Kafunika kioo, kaficha wanja, sasa kahamia kwenye vitambaa vyangu. "Mfiwa na rangi zote hizo, wifi? Watu watasema umeshapata mwingine." Nikamwambia, "Akija mwambie aje na uzi mweusi, umeniishia." Hakucheka. Huyu mwanamke alizaliwa matangani.

Ijumaa, 7 Juni
Mabasi. Nyumba yenyewe iko karibu na njia panda, nasikia yote. Mtwara! Masasi! Dar! Honi nazijua moja moja. Miguu inaniwasha. Mimi wa kulala gesti, wa kula barabarani, wa kugombana na wapagazi, leo dunia yangu ni kitanda, ua na choo. Nikigusa komeo tu, wifi huyo. Kuku wa humu ndani ana uhuru kunishinda. Akichoka anakwenda kwa jirani.

Nimeshona kwa hasira. Nimejichoma vidole. Morogoro ina damu.

Jumapili, 9 Juni
Kusini imebaki wazi. Kila kanga anayoleta Somoe nailaza pale Lindi, naitazama, naiondoa. Hakuna inayofaa. Na Lindi yangu, kwetu hapa, ni kubwa, nusu ya nchi. Anayetaka kupima akashone wake.

Nikafungua sanduku la marehemu. Kikoi chake cha kuendea msikitini Ijumaa, cha kijani chenye mistari. Bado kina harufu yake, sabuni na moshi. Nikakikata. Mkasi ulikwenda wenyewe. Nikashona Lindi, Kilwa, Nachingwea, bila kuinua kichwa.

Nguo za marehemu hazikatwi. Zinangoja arobaini, warithi wakae, wagawane, nyingine zitolewe sadaka. Najua. Mtoto mdogo anajua. Nimekata. Nilifurahi mpaka nilipomaliza. Sasa naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Wifi katoa nguo za marehemu kuzianika zisishike kuvu. Kikoi hamna. Kakitafuta nyumba nzima, kakikuta kwenye mfarishi. Kelele zake zimefika njia panda. "Umekata nguo ya maiti kabla ya mgao! Nguo ya kaka yangu! Huogopi Mungu, wifi?"

Nikatafuta utani. Hakuna uliokuja. Akashika wembe afumue kusini yote. Nikaulalia mfarishi kama kuku anayeatamia. Watu wazima wawili sakafuni, tunavutana, nyuzi zinaachia. Pale nilijua nikishindwa, mwanangu anaondoka mikono mitupu na mimi nabaki humu na huyu. Ningemng'ata.

Zuhura akaingia. Akasimama. "Shangazi, shikamoo."

Wifi, wembe mkononi, mazoea tu: "Marahaba."

"Mimi si mrithi wa baba?"

"Mrithi."

"Siku ya mgao sitakuwapo. Fungu langu la nguo ni hicho kikoi. Nyingine zote gawaneni, sidai."

Wifi akaweka wembe chini. Akashika kile kipande cha Lindi, akakinusa, akalia kwa sauti. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akimlilia kaka yake. Mimi nilimwona askari jela tu. Nimeona haya.

Alhamisi, 13 Juni
Pindo tayari: kijani, njano, nyeusi, bluu. Wifi alishika upande wa pili tukashona pamoja. Mshono wake mbaya, unapinda kama njia ya mbuzi. Nimenyamaza. Ajabu.

Zuhura kajifunika kujaribu, jasho likamtiririka. "Mama, lakini Muscat joto!"

"Si wana kiyoyozi? Baridi ya kiyoyozi ndiyo nimeishonea."

Mfarishi umemaliza nusu ya begi. Katoa viatu, kauweka. Nilikuwa na neno la kumwambia. Nikamwambia afunge zipu vizuri.

Ijumaa, 14 Juni
Tumeagana chumbani. Alinibusu mkono, mimi nikamrekebisha mtandio. Mwenye eda hasindikizi, kwa hiyo wifi ndiye aliyekwenda naye, begi kichwani, hakutaka mtu amsaidie. Nilisimama nyuma ya mlango uliofungwa. Honi. Basi likakata kona, likaenda. Nilisikiliza mpaka nikawa nasikia kuku tu.

Wifi karudi. Kapika uji, tumekunywa.

Nyuzi ziko sakafuni bado. Sijafagia.

Niliandika kwamba hakuna mwenye bahati kama mimi. Uongo. Sikutaka aende. Nilitaka aniulize kama abaki, na hakuniuliza.